Nilikwenda Amani kupumzika, nikarudi na mdudu wa panya

Siku ya kwanza, Jumamosi

Shule tumefunga jana, na leo saa moja asubuhi nilikuwa stendi ya Tanga na begi moja. Mpango ulikuwa mwepesi: wiki nzima kwa mjomba, kule Amani kwenye milima ya Usambara, nilale, nisiguse daftari la mwanafunzi. Ndani ya begi kulikuwa na sweta mbili, kanga, na ile lenzi ndogo ya kubana kwenye simu ninayoitumia kuwaonyesha kidato cha pili mguu wa mende. Sijui kwa nini niliichukua. Mwalimu wa baiolojia hata akienda msibani anakuwa na kichupa mfukoni.

Muheza nilisubiri basi la Amani mpaka saa nane mchana. Basi lile huondoka likijaa, na likishajaa humsubiri mtu mmoja aliyepiga simu kusema yuko njiani. Nimemaliza machungwa matano nikiwa nimekaa juu ya gunia la dagaa la mtu nisiyemjua. Kutoka hapo ni kama kilomita 35, ila kilomita za vumbi na mawe. Mpaka Kisiwani bado ni joto letu la kawaida, minazi na michungwa. Ukipita geti la hifadhi pale Sigi barabara inaanza kujikunja, masikio yanaziba, na abiria wenye uzoefu wanaanza kutoa makoti. Amani ipo kwenye mita 900 hivi kutoka usawa wa bahari. Mwezi wa sita, kwa mtu wa Tanga, hiyo ni Ulaya.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Umekonda. Huko mjini hamli?"

Kabla sijavua viatu nimeshaelezwa habari ya mihogo. Panya buku wamemaliza nusu ya shamba. Wanachimbua usiku, wanajaza mashavu, wanakwenda kuficha shimoni, wanarudi tena. Mjomba anasema ameshawafukizia moshi, ameshaziba mashimo kwa miba, sasa amebaki na mitego. Kwa wale waliozaliwa mjini na wanaojua buku moja tu, ile noti ya shilingi elfu: panya buku ni panya wa ukubwa wa paka, uzito wake unafika kilo moja na zaidi, na nusu ya mkia kuelekea ncha ni nyeupe kama ameuchovya kwenye chokaa. Huyu ndiye panya ambaye Chuo Kikuu cha Sokoine kule Morogoro kinampa makazi, na shirika la APOPO linamfundisha kunusa mabomu ya ardhini na makohozi ya kifua kikuu. Nimemwambia mjomba habari ya Magawa, panya wa Kitanzania aliyefanya kazi Kambodia, akagundua zaidi ya mabomu 100, na mwaka 2020 akavishwa medali ya dhahabu na Waingereza. Mjomba akaacha kijiko.

"Kwa hiyo anajua bomu liko wapi, hajui mihogo ya nani?"

Siku ya pili, Jumapili

Nimeamshwa na kelele za mjukuu wa mjomba, mtoto wa miaka tisa. Mtego umenasa. Ni kizimba cha nyavu za waya alichokisuka mjomba mwenyewe, chambo chake kipande cha nazi iliyochomwa. Ndani yake panya mkubwa wa kutisha, masharubu marefu, amejikunyata pembeni. Mjomba kammaliza kwa pigo moja la mpini wa jembe, kamlaza juu ya gunia karibu na mlango wa jiko, kaenda kunawa.

Nilikuwa nimechuchumaa nikitazama mifuko ya mashavu. Ndani ya shavu moja kulikuwa na vipande vya muhogo na mbegu mbili za chikichi, safi kabisa, havijatafunwa. Ndipo kikatoka kitu. Kimepenya kwenye manyoya ya kinena, rangi ya kahawia kama tende, bapa, urefu kama punje ya mchele mrefu na nusu yake, kikateleza juu ya gunia kwa kasi ya ajabu, kikaingia sakafuni.

"Mende!" Mkaza mjomba hakusubiri. Kandambili ikashuka.

Kilichobaki hakikufaa kitu. Hata hivyo nikakiokota kwa kijiti, nikakitazama, na kuna jambo likanikaa kichwani kama mwiba wa samaki kooni. Mende mchanga nimewachora ubaoni miaka tisa. Kichwa cha mende kimefunikwa na ngao ya mgongo, unakiona ukimgeuza. Kichwa cha huyu kilitangulia mbele, kipana, bapa, kama mdomo wa koleo la mchanga. Halafu sikuona jicho. Nikajiambia kandambili imelisaga.

Mkaza mjomba akaniuliza kama nimekuja kupumzika au kuokota takataka jikoni kwake.

Siku ya tatu, Jumatatu

Mvua ya manyunyu tangu alfajiri. Mitego mitupu.

Mchana ilipokatika nikatembea mpaka Amani penyewe, kwenye majengo ya zamani. Wajerumani walianzisha hapa taasisi yao ya baiolojia na kilimo mwaka 1902, wakapanda miti kutoka kila pembe ya dunia, mkwinini ikiwemo, kisha wakaja Waingereza, na baadaye mahali pakawa pa utafiti wa malaria. Mapaa ya bati jekundu, ukungu, nyani wawili ukingoni mwa barabara. Nikapiga picha tatu nikarudi. Sikujua kwamba nilikuwa nimesimama hatua chache kutoka kwenye jibu la swali langu.

Siku ya nne, Jumanne

Panya wawili kwa usiku mmoja. Mmoja kwenye kizimba cha mihogo, mwingine kwenye kitanzi alichotega mjomba kando ya shimo. Yule wa kitanzi alikuwa ameshakufa na kupoa. Yule wa kizimba alikuwa hai na mkali.

Nilitaka kuanza mara moja, nikazuiwa. Mkaza mjomba ni mzaliwa wa Lushoto, upande wa pili wa Usambara, ambako tauni ilianza mwaka 1980 na ikawa inarudi na kuondoka kwa zaidi ya miaka 20. Alikuwa binti mdogo wakati huo. Hacheki na panya, na hacheki na kiroboto. Akanituma dukani kwanza: glovu, barakoa, spiriti, sabuni ya unga. Akasema hata nikiwa profesa, panya haingii uani kwake bila glovu. Nami nawaambia hivyohivyo ninyi mtakaotaka kujaribu: kiroboto ndiye anayebeba tauni, na humtoka panya anapopoa akitafuta mwili mwingine wenye joto.

Jambo jingine, kabla sijaulizwa: shamba la mjomba liko nje ya mpaka wa hifadhi. Ndani ya hifadhi ya Amani huchukui mdudu wala jani bila kibali, na sikuwa na kibali. Hawa panya walikuwa wanauawa kwa ajili ya mihogo, mimi nimeomba tu kuwachana nywele.

Nimewachana kweli. Nilipata beseni jeupe la plastiki, nikatia maji vidole viwili na chembe za sabuni ili kitakachodondoka kisiweze kupanda. Mswaki mpya, shilingi mia tano. Mjomba alishika panya kwa miguu ya nyuma juu ya beseni, mimi nikapiga mswaki kinyume cha manyoya kuanzia mkiani kuelekea shingoni.

Yule aliyepoa usiku hakutoa kitu zaidi ya viroboto wawili na uchafu. Yule mwingine, ambaye mjomba alikuwa amemmaliza dakika kumi tu zilizopita na tumbo lake bado lina joto, alitoa saba.

Hawakudondoka kirahisi. Unamwona amepita kati ya manyoya, unampiga mswaki, anabaki palepale kama amegundishwa. Manyoya ya panya buku ni machache na magumu, chini yake ngozi inaonekana, na juu ya ngozi ile wadudu hawa wanateleza kama samaki kwenye majani ya mto, mbele, nyuma, ubavu, bila kushikwa na unywele hata mmoja. Niligundua kwamba ukipuliza pumzi ya moto wanatulia, ukiacha ngozi ipoe wanaanza kuhangaika. Wa kwanza alijitupa mwenyewe. Wengine niliwatoa mmoja mmoja kwa kibanio cha nyusi.

Nikamweka mmoja hai kwenye kisosi, lenzi kwenye simu, simu juu ya vikombe viwili vya chai vilivyopinduliwa ili isitikisike. Nimemtazama kwa saa nzima. Ugali ukapoa.

Hana macho. Si madogo, hayapo. Mahali pa jicho pana ngao laini tu ya rangi ya tende. Vipapasio vifupi, kama shanga zilizotungwa. Mabawa hana, wala dalili ya vikonyo vya mabawa. Mwili mzima umefunikwa na nywele fupi zilizolala kuelekea nyuma, na umebonyezwa kutoka juu. Miguu sita mifupi minene imekunjwa chini ya mwili, na hapa ndipo nilipoona siri ya kung'ang'ania: unyayo una pingili tatu, na upande wa chini una mto laini mpana unaong'aa, kama kiganja cha mjusi wa ukutani. Nyuma ana mikia miwili, mirefu, myembamba, imenyooka, yenye nywele. Mikia yenyewe haina pingili, ni uzi mmoja mmoja.

Wawili kati ya saba walikuwa wadogo, weupe kidogo, lakini umbo ni lilelile la wakubwa. Kwa hiyo hawapiti kwenye hatua ya funza na bundo kama nzi.

Usiku nikapanda kwenye jiwe la mtandao, ndivyo wanavyoliita, mahali pekee kijijini ambapo simu inapata baa mbili, nikatuma picha kwenye kundi la walimu wa sayansi. Majibu ndani ya nusu saa: kunguni, kupe, mende mtoto, chawa wa ng'ombe, "mwalimu, oga". Mmoja akaandika kwa uhakika kabisa kwamba ni dudu la Kichina.

Siku ya tano, Jumatano

Asubuhi niliamua kufanya kile ninachowalazimisha wanafunzi: usitaje jina, anza kwa kuondoa yasiyowezekana. Nimekaa barazani na kalamu.

Kupe ana miguu minane akiwa mkubwa. Huyu sita. Ameondoka. Kiroboto kabanwa ubavuni, amesimama wima kama sarafu kwenye ufa wa meza, na anaruka. Huyu amelala kama chapati na hajui kuruka. Ameondoka. Kunguni ana macho na ana mrija wa kunyonyea. Huyu nilimfungua mdomo kwa sindano nikakuta taya mbili zenye meno, za kusaga, si za kufyonza. Chawa ni wadogo mno na hawana mikia. Akabaki mende, na mende ndiye aliyenisumbua mpaka saa nne. Ubapa wa mende, rangi ya mende, mwendo wa mende. Lakini mkia wa mende una pingili nyingi, unyayo wake una pingili tano, na macho anayo.

Orodha yangu ikaisha na mdudu bado yupo.

Nikarudi kwenye jiwe, nikampigia mwalimu wangu wa chuo, mzee aliyestaafu na bado anapokea simu za wanafunzi wa mwaka wa tisini na kitu.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Umeolewa?"

"Bado mwalimu. Nina mdudu."

Hakuniuliza rangi wala urefu. Swali lake la kwanza lilikuwa: umemtoa wapi? Nikasema jikoni. Akasema hapana, kabla ya jikoni. Nikasema kwenye ngozi ya panya buku. Kimya kidogo. La pili: mikia ina pingili? Haina. La tatu: huyo panya ni buku kweli, mkubwa, au ni yule mdogo? Kwa sababu kwenye misitu hiyo yuko pia panya mdogo mwenye mifuko ya mashavu, Beamys kwa jina la kitaalamu, naye ana mdudu wake wa ukoo huohuo lakini wa jenasi nyingine, Araeomerus. Nikamwambia huyu alikuwa na kilo na robo kwa mizani ya mjomba ya kupimia iliki.

Akacheka mpaka akakohoa. "Basi umekutana na Hemimerus. Wako watu wamesoma wadudu miaka 30 hawajamwona kwa macho."

Kisha akanisimulia, na nimeandika haraka mgongoni mwa risiti ya spiriti. Mdudu huyu alipata jina mwaka 1871 kutoka kwa Mwingereza Francis Walker, aliyekuwa na mfano mkavu kutoka Afrika Magharibi. Walker akamweka kwenye kundi la nyenje, karibu na chenene, akamwita *talpoides*, maana yake anayefanana na fuko. Miaka minane baadaye, 1879, Mswisi de Saussure akamtazama mdomo, akadhani ameona mdomo wa chini wa pili, akamtungia oda, yaani kundi kubwa la wadudu, yake peke yake: Diploglossata, wenye ndimi mbili. Mwaka 1894 Hansen, mtu wa Denmark, akaupasua mdomo uleule akakuta ulimi wa pili haupo. Alichokiona Hansen ni jamaa wa Dermaptera, yaani wale wadudu wembamba wenye koleo nyuma tunaowakuta chini ya maganda ya migomba. Huyu wa panya amepoteza mabawa, amepoteza macho, na koleo lake limenyooka likawa nyuzi mbili. Vipimo vya vinasaba vya siku hizi vimemrudisha humohumo kwenye Dermaptera. Hapo nikajisikia nafuu kidogo. Mende wangu si kosa baya sana ukilinganisha na kumtungia mtu oda nzima.

"Na unapiga simu kutoka wapi?" akauliza mwishoni.

"Amani."

"Amani hiyohiyo?"

Ndipo akanieleza kwamba mtaalamu wa wanyama wa taasisi ya Wajerumani hapa Amani aliitwa Julius Vosseler, na mwaka 1907 alichapisha makala ya uchunguzi wake kuhusu Hemimerus. Mwaka 1936 Wamarekani wawili, baba na mwana, wote wakiitwa Rehn, wakaipa spishi moja jina lake: *Hemimerus vosseleri*. Mimi juzi nilipita pale nikapiga picha mabati.

Siku ya sita, Alhamisi

Siku ya hasira asubuhi. Jana usiku nilimchukua yule mkubwa kuliko wote, nikamchoma kwa pini juu ya kipande cha kadibodi na kumweka dirishani akauke, kwa sababu nilitaka mfano mmoja mkavu wa kuonyesha darasani. Asubuhi nimekuta pini, miguu miwili, na mstari wa sisimizi wadogo wekundu unaopanda ukuta kwa utaratibu mzuri. Kosa la mtoto wa kidato cha kwanza. Mdudu mwenye mwili laini hukaa kwenye spiriti, na ukimkausha, miguu ya meza unaiweka kwenye vikopo vya maji.

Waliobaki sita niliwahamishia kwenye vichupa viwili vya dawa ya sindano vya kutoka zahanati, vilivyochemshwa. Spiriti ya duka niliichanganya na maji ya kuchemsha, sehemu tatu kwa moja, kukisia asilimia 70. Ukiwatia kwenye kali tupu wanakuwa wagumu na kuvunjika miguu.

Mmoja alikuwa amevimba tumbo, na kwa sababu mwalimu wangu alinidokeza, nikamfungua. Nilitumia ncha ya wembe na sindano mbili, juu ya kisosi cheusi, mjukuu wa mjomba akinimulikia kwa tochi. Ndani kulikuwa na vitoto. Si mayai: vitoto. Vimepangana kwa ukubwa, kile cha mbele kabisa karibu na njia ya kutokea kikiwa kimekunja miguu kifuani, mikia miwili imelala chini ya tumbo, cheupe kama ute wa yai lililoiva. Kilichofuata kilikuwa kidogo kuliko hicho, na cha tatu kama tone tu. Hemimerus hatagi. Vitoto hulishwa ndani ya mama kwa tishu inayofanya kazi kama kondo, na huzaliwa kimoja kimoja, vikianza mara moja kutembea kwenye ngozi ya panya yuleyule. Ukifikiri, angetaga wapi? Akitaga shimoni, mtoto asiye na macho ataanza maisha gizani akimtafuta panya. Anazaliwa nyumbani, anakua nyumbani, na akihama basi ni pale panya wawili wanapolaliana shimoni.

Mtoto akauliza kama mdudu anamnyonya panya damu. Nikamwonyesha taya. Anakula ngozi iliyokufa, ile mba, na ukungu unaoota juu yake. Hakuna kidonda nilichokiona kwenye panya wote watatu.

"Kwa hiyo ni mfagizi," akasema mtoto.

Vitabu vinabishana kama aitwe kimelea au mpangaji, na mimi nimelipenda zaidi neno la mtoto.

Jioni nikawa na tamaa. Nilitaka kuandika *vosseleri* kwenye kichupa. Mahali ni palepale, panya ni yuleyule, ingependeza. Nikampigia mwalimu, akanikatalia kabla sijamaliza sentensi. Jenasi ina spishi kama 10, zinafanana kama punje za choroko, na kuzitenganisha kunataka dume, darubini, na kutazama viungo vyake vya uzazi. Je, nina uhakika nina dume? Sina. Je, nimetazama? Sijatazama. Basi niandike Hemimerus, niweke nukta, nipeleke vichupa chuoni Morogoro wenye darubini waseme.

Siku ya saba, Ijumaa

Basi linaondoka saa tatu. Tangu alfajiri nimeandika lebo kwa penseli, kwa sababu wino wa kalamu huyeyuka kwenye spiriti, kwenye karatasi ndogo ya kutosha kuzama ndani ya kichupa pamoja na mdudu. Lebo ya nje hubanduka. Mwalimu alisisitiza jambo moja zaidi ya yote, jina la panya liandikwe, maana mdudu bila panya wake ndiye aliyewapoteza wazungu miaka 20 na zaidi. Nimeandika hivi: Tanzania, Usambara Mashariki, karibu na Amani, mita 900 hivi, shamba la mihogo, nje ya hifadhi, kwenye manyoya ya panya buku, *Cricetomys*, kwa mswaki, panya akiwa bado na joto, tarehe, mkusanyaji, na jina langu.

Mjomba alikuwa anafunga ndizi zangu kwenye kiroba. Akaomba nimsomee. Nikamsomea. Nilipofika kwenye mkusanyaji akanyoosha mkono nimpe karatasi, akaitazama kwa mbali kwa sababu miwani aliiacha ndani.

"Nani alitega?"

"Wewe mjomba."

"Nani alichoma nazi?"

"Wewe."

"Wewe umechana nywele tu."

Nikafuta, nikaandika upya. Kwenye kichupa cha kwanza jina lake limetangulia na langu linafuata. Kwenye cha pili hapakuwa na nafasi ya majina mawili, kwa hiyo liko lake peke yake. Mkaza mjomba akanipa ile mswaki imefungwa kwenye mifuko mitatu ya nailoni, akasema nikaitupe mwenyewe, mbali, Muheza huko.

Niko kwenye kiti cha nyuma ya dereva. Vichupa viko kwenye soksi, soksi iko ndani ya sweta, sweta iko mapajani. Mama wa pembeni ameniuliza kama nimebeba mayai.